Kikombe cha Mkia

Siku Mwalimu Sudi aliponipita, nilikuwa nimeketi juu ya jiwe kando ya barabara, hatua chache baada ya daraja la Sabaki, leso mdomoni na leso ina damu. Aliniona. Naanza na hilo kwa sababu wapo mpaka leo wanaosema huenda hakuniona, jua lilikuwa usoni mwake, mtu akiendesha baiskeli huangalia mbele. Aliniona, akaangalia pembeni, akakanyaga pedali.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa juzi kwamba una kifua kikuu, na bado hujui umwambie nani. Mimi nimeshamaliza dawa zangu, nimeshapewa karatasi yangu, nala nashiba. Mambo ya vijidudu waulize wenye elimu yao. Mimi nitakueleza nilivyoishi miezi ile, na sitajifanya nilikuwa mwema.

Kwanza nieleze chama chetu, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye mjukuu aliumia hivi kwa ajili ya chai.

Chama chetu cha baiskeli hapa Malindi hakina mashindano. Tuko ishirini na kitu: walimu, wapishi wa mahoteli, mafundi, na mimi fundi cherehani. Kila Jumapili asubuhi twatoka pamoja kwenda kutembea. Kaskazi, jua likiwa kali, twafuata njia ya Gede hadi Watamu kwa ajili ya vivuli. Mvua za mwaka zikianza hatuachi lami. Kusi hutusukuma vizuri kwenda Mambrui na kutupiga usoni tukirudi. Vuli twaenda mdomo wa Sabaki kuangalia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, na kila mtu anawapiga picha zilezile za mwaka jana.

Kila safari ina mkia. Mkia ni mtu anayekaa nyuma ya wote, amefunga leso nyekundu kwenye kiti cha baiskeli. Jina lake huandikwa kwa chaki kwenye ubao ulioko mlangoni kwa fundi wetu wa baiskeli. Mkia hampiti mtu. Ukichoka, anachoka nawe. Ukitobokewa na gurudumu, anasimama nawe. Mama Kache hutangulia na tuktuk ya mumewe, ana birika kubwa la chai ya tangawizi na sanduku la vikombe vya bati, kila kimoja kimepakwa jina la mwenyewe kwa rangi. Chai haimiminwi kabla mkia hajafika. Watu wasimame na kiu yao. Akifika, humiminiwa yeye kwanza, katika kikombe chake, anakunywa nusu na nusu iliyobaki anampa yule aliyekuja naye, yaani aliyekuwa wa mwisho. Wa mwisho hanywi peke yake. Ndipo wengine wanakunywa.

Nani alitunga sheria hizo? Mwalimu Sudi, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila mwanachama mpya alihubiriwa habari za kikombe cha mkia mpaka machozi yamlengalenge.

Vuli ile nilikuwa nimekohoa wiki kadhaa. Nilisema ni vumbi la vitambaa, ni baridi ya feni, ni mafua. Buibui langu lilikuwa limenipwaya, nikalipunguza kwa mkono wangu mwenyewe, mshono mzuri kabisa, wala sikujiuliza kwa nini. Wenzangu waliniuliza, "Bi Rukia, hicho kikohozi?" nami nikajibu, "Kinakwisha." Jumapili ile ya Sabaki mkia alikuwa Mwalimu Sudi, na wa mwisho nilikuwa mimi. Kwa hiyo kikombe cha siku ile kilikuwa chake na changu. Alikuwa amenisikia nikikohoa kuanzia mjini.

Alipofika kwenye chai, waliniambia baadaye, alifungua ile leso nyekundu akaikunja akaitia mfukoni.

"Bi Rukia yuko wapi?" Mama Kache alimuuliza.

"Amegeuza nyumbani. Mimina tu."

Wakanywa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kilima, bado juu ya lile jiwe, sina nguvu ya kusimama, nasubiri mkia. Nilisubiri kwa imani, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Niliona kila baiskeli ya muuza samaki nikadhani ni yeye amerudi. Mwishowe ni mume wa Mama Kache aliyenikuta akirudi kujaza mtungi wa maji, akanitia kwenye tuktuk na baiskeli juu.

Wiki hiyohiyo nilipimwa makohozi, nikapigwa eksirei, nikaambiwa. Na wiki hiyohiyo binti yangu Zena alinisomea ujumbe wa kundi la chama, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshatolewa siuoni: "Kwa usalama wa wanachama, Bi Rukia amepumzishwa. Kikombe chake kimeondolewa. Tumwombee." Alinisomea akiwa amesimama mlangoni, na mwanawe mchanga amemwacha kwa jirani.

"Rudia hapo pa kikombe," nikamwambia.

"Mama, achana nao."

"Rudia."

Akarudia. Nikasikia kitu kimekaa kifuani kisichokuwa ugonjwa. Nikajua nitapona, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumlipa.

Kliniki ya kifua iko nyuma ya majengo mengine, kibanda cha makuti kisicho na kuta ili upepo upite, na mabenchi mawili. Miezi miwili ya kwanza nilikwenda kila asubuhi kumeza dawa mbele ya muuguzi, Sista Dama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita kuku. Utayajua mabenchi hayo. Utajua nani hukaa mwisho ili asionekane kutoka njiani, na nani huvaa kofia ngumu ya pikipiki ilhali hana pikipiki. Tulikuwa tukikaa tumetazama chini wote, hadi siku ya tatu mkata mawe mmoja, Kahindi, alipocheka peke yake na kusema, "Jamani, tuangaliane tu. Sote tumekuja kwa harusi moja." Tangu hapo tukawa tunasalimiana.

Vidonge vinne vikubwa. Siku ya kwanza nilivitapika. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, na hakuna aliyenionya, nikapiga kelele msalani mpaka mume wangu akaja mbio. Viungo viliuma kama nimebeba magunia. Pete ya ndoa ilianguka ndani ya ungo wa mchele nikipepeta, na sikuisikia. Nilipoupima mwili kwa futi yangu ya kushonea, kiuno changu kilikuwa kile cha bibi harusi niliyemshonea mwezi uliotangulia. Nikaitupa futi chini ya kitanda.

Mume wangu Athman ni mtu mzuri na ni mwoga. Alihamisha godoro lake sebuleni kabla sijaambiwa la kufanya. Sahani yangu aliitenga, akaiwekea alama kwa rangi nyekundu ya kucha, rangi yangu mwenyewe. Ndugu zake aliwaambia nina nimonia. Nilimsikia kupitia pazia, "Ni nimonia tu, inaondoka," kwa sauti ya mtu anayeficha mimba ya bintiye. Zena hakumleta mtoto. Alikuwa na haki, hata Sista alisema mtoto apimwe kwanza na apewe kinga yake, lakini alipopimwa na kuonekana yuko salama bado hakumleta. Mjukuu wangu alianza kutambaa ndani ya simu.

Siku moja Sista Dama aliniuliza mbona nalia wakati uzito umeongezeka.

"Wameninyang'anya kikombe," nikasema. Nilijua nasikika kama mtoto.

"Kikombe hakina kosa, mama. Kikohozi ndicho kilikuwa na kosa, na hicho tunakishughulikia. Nyumbani fungua madirisha. Na huyo mzee wa godoro mwambie aje hapa, nimpime, kisha nimpe maneno yake."

Athman alikuja. Aliketi kwenye benchi na shati la Ijumaa, amebana magoti. Alipimwa, akaonekana mzima, akapewa maneno yake. Jioni ile godoro lilirudi chumbani, na ile sahani yenye alama alikula yeye. Yeye nilimsamehe, kwa sababu alikuja kukaa kwenye benchi.

Mama Kache naye alikuja, wakati kaskazi imeshakaza jua. Hakuwa na sababu ya kupita huko. Kwao ni ng'ambo ya mto. Aliketi kwenye benchi letu kati yangu na Kahindi, akatoa kitu ndani ya kapu. Kilikuwa kikombe changu. Kimebonyea kidogo pembeni, na jina limekwaruzika likabaki "Ruki".

"Waliniambia nikitupe," akasema. "Nikawaambia nimekitupa."

"Mwalimu ndiye aliyesema?"

"Yeye. Ati nikitupe mbali, wala nisikioshe pamoja na vingine."

Nilimuuliza habari za siku ile, akanieleza leso ilivyokunjwa na chai ilivyomiminwa. Akalia, mimi sikulia. Tangu asubuhi ile nilimeza dawa zangu kwa maji ya kikombe kile, na kila kidonge nilikuwa namuona Mwalimu Sudi nyuma ya macho yangu. Nakuambia ukweli wangu: dawa ndizo zilizoniponya, lakini kilichonifanya nizimeze ni hasira. Siku za kichefuchefu, nilipotaka kuacha, nilijiambia kwamba nikifa atakuja mazikoni kuhutubia.

Kwa maana nilikuwa na mpango. Nitapona, nitarudi, nitakuwa mkia. Na siku moja yeye atakuwa wa mwisho, maana kila mtu ana siku yake, na mimi nitampita. Sitageuza shingo. Nitafika kwenye chai nikunje leso, niseme, "Amegeuza nyumbani. Mimina tu." Nilikuwa najifunza maneno hayo mbele ya kioo, nikitafuta sauti inayofaa.

Ramadhani ilinikuta kwenye dawa, nikala mchana jikoni nimejificha nyuma ya mlango wangu mwenyewe. Mvua za mwaka zikaja, sasa nachukua dawa za wiki nzima kwa pamoja. Kahindi akatoweka. Alijiona mzima akarudi kwenye machimbo yake. Mvua zilipokuwa zinaisha aliletwa na nduguye, ameshikwa kwapani, anaanza upya na sindano juu. Aliniangalia akasema, "Bi Rukia, usifanye nilivyofanya." Hilo ndilo la pekee nitakalokuamrisha: usiache ukijiona mzima. Tafuta chochote cha kukusukuma hadi kidonge cha mwisho, na kama kilichopo ni chuki, tumia chuki.

Kusi ilipoanza kuvuma nilimaliza. Sista Dama alinipa karatasi yenye muhuri, akanikumbatia mbele ya watu wote wa benchi. Zena alikuja nyumbani jioni na mtoto, akamweka mapajani mwangu, na mtoto akanivuta pua. Sikuwa na la kumlaumu tena, au nilikuwa nalo nikaliacha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa fundi wa baiskeli wakati wenzangu wanajaza upepo. Pampu zikasimama. Mwalimu Sudi alitabasamu kwa mdomo tu.

"Bi Rukia! Alhamdulillahi. Tumefurahi sana. Ila, unajua, tungeomba upumzike kidogo zaidi. Kuna wenzetu wana watoto."

"Hata mimi nina mjukuu, Mwalimu." Nikaibandika ile karatasi kwenye ubao, mbele ya macho yake. Kisha nikachukua chaki, na kwenye nafasi ya mkia nikaandika jina langu, Jumapili zote nne za mwezi. Hakuna aliyewahi kuitaka kazi hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika.

Ungewaona siku ile! Chama kisicho na mashindano kilikimbia Mambrui kama kimefukuzwa na nyuki. Watu waliokuwa wakisimama kununua madafu hawakusimama. Mpishi mmoja mnene, ambaye miaka yote alikuwa wa mwisho, alipaa. Hawakutaka kikombe changu. Nilikuwa nyuma nimefunga leso nyekundu, naangalia migongo yao, na kila mgongo nikautia akilini.

Aliyeniokoa ni Mzee Kombo. Ana zaidi ya miaka sabini na baiskeli yake haina hata gia moja, asingeweza kukimbia hata angetaka. Alifika nami. Mama Kache akanimiminia katika kikombe kilichobonyea, na watu wote wakakitambua. Nikanywa nusu, nikampa. Alikunywa, akajifuta ndevu, akauliza kama kuna mandazi. Jumapili baada ya Jumapili ikawa mimi na Mzee Kombo. Nampenda mzee yule, lakini nilikuwa namsubiri mwingine.

Nilisubiri kusi yote, na vuli yote na heroe zake. Kila mwezi naandika jina langu. Fundi aliniuliza, "Mama, huchoki kuwa nyuma?" Nikamwambia nyuma ndiko kunakoonekana kila kitu.

Kaskazi ikarudi. Safari ya Watamu, Mzee Kombo yuko kwenye harusi ya mjukuu wake, jua limechomoza likiwa limeshakasirika. Tulipokunja kona ya Gede kwenda baharini, niliona baiskeli imelala kando ya barabara na mtu ameketi anajikanda paja. Msuli ulikuwa umemkaza. Wengine walikuwa wameshapita, wanakimbia kama kawaida yao, na yeye, bila shaka, alikuwa amewaambia waende.

Nikapiga kengele mara moja. Mwalimu Sudi akainua uso, akaona leso nyekundu.

Nilikuwa na barabara tupu mbele yangu. Niliyajua maneno yangu kwa moyo. Nikakanyaga pedali mara mbili, nikawa sambamba naye, na nikaona alivyoangalia chini, tayari kupitwa. Alikuwa anangoja nimpite. Alikuwa anataka. Nikimpita tutakuwa tumelingana, naye atalala usingizi mzuri siku hiyo. Nikashuka.

"Pita, Bi Rukia. Nitakuja polepole."

"Mkia hampiti mtu, Mwalimu."

"Nakupa ruhusa."

"Sikuomba ruhusa. Simama."

Akasimama, akaanza kuikokota baiskeli akichechemea, na mimi nyuma yake naikokota yangu. Tuktuk za Watamu zilitupita na watalii wao. Kila alipotaka kugeuka kusema kitu nilipiga kengele. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahia kila hatua ya mguu ule.

Mwishowe akasema bila kugeuka, "Siku ile ya Sabaki nilikuona."

"Najua."

"Nina mama nyumbani. Umri wake umekwenda, kifua chake si kizuri. Nilifikiria kile kikombe, nikamfikiria yeye. Sikujua la kufanya."

"Ungesema," nikamwambia. "Ungesema, 'Bi Rukia, leo kila mtu na kikombe chake.' Ningekubali. Sikutaka chai yako. Nilitaka usipite."

Aliifuta miwani kwa shati. Tukaenda hivyo, pengine saa nzima.

Walikuwa wamesimama wote kwenye kivuli karibu na ufuo, vikombe vitupu mikononi, midomo imewakauka. Walipoona nani anaongoza na nani yuko nyuma, hakuna aliyelalamika kuhusu kiu. Mama Kache akakitoa kikombe changu kwenye sanduku, akanimiminia. Nilikunywa polepole, nikawaacha wanisubiri. Nilikunywa nusu kamili, kisha nikamnyooshea Mwalimu Sudi.

Nitasema ukweli: nilitaka akatae. Nilikuwa na hotuba. Ningeanza na daraja la Sabaki na kumalizia na ujumbe wa simu, mbele ya wote, na asingetoka pale mwenyekiti wa kitu chochote.

Alikiangalia. Aliliangalia lile jina lililokwaruzika, "Ruki", na pale palipobonyea. Akakipeleka mdomoni, akafumba macho kama nilivyokuwa nikifumba mimi kwa Sista Dama, akanywa.

"Kimalize," nikasema.

Akakimaliza. Nikakipokea, nikakipindua mbele ya watu, hakikudondosha hata tone. Ndipo Mama Kache akaanza kuwamiminia wengine, na watu wakarudi kuongea habari za jua.

Sijamsamehe. Wanaoniambia kikombe kile kilimaliza mambo hawakuwa wameketi juu ya lile jiwe. Lakini Jumamosi iliyopita nilipita kwa fundi kuandika jina langu la mwezi mpya, nikakuta kwenye nafasi ya mkia pameshaandikwa jina jingine, kwa mwandiko wa mwalimu wa hesabu, Jumapili zote nne: Sudi. Fundi alinitazama na spana mkononi.

Nikalifuta kwa ncha ya buibui langu. Akitaka kuwa mkia, na aandike tena.